Uhuru Uliofundwa: Kuwasikiliza Watatu wa Sonny Rollins, New York, 1957

Utangulizi

Mara nyingi miongoni mwetu kubuni papo hapo huhesabiwa kuwa ni jina la heshima la kutojiandaa. Mhubiri apandaye mimbarani bila maandishi, au mpiga kinanda aanzaye wimbo bila kitabu cha noti mbele yake, hushukiwa na wengine kuwa ni mvivu, na wengine humsifu kuwa ameongozwa na Roho. Kwa maoni yetu hukumu hizi mbili zina kosa moja: zote hudhani kwamba jambo lisiloandikwa halikuandaliwa. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza dhana hilo kwa mfano mmoja wa muziki, yaani kikundi cha watatu cha mpiga saksafoni Sonny Rollins, kama kilivyosikika mjini New York tarehe 3 Novemba 1957. Tutaeleza kwanza mahali na wapigaji, kisha muundo wa muziki wenyewe na namna ya kuusikiliza. Mwishoni tutagusa kwa ufupi jinsi muziki huu ulivyokutana na Kanisa letu la Kilutheri.

Yafaa kwanza tuondoe utata wa neno. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno "jazi" limebeba kumbukumbu za nyumbani. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz zilikuwa bendi za muziki wa dansi, magitaa yakiwa mbele, na watu walikwenda kuzisikiliza ili wacheze. Jazi tunayoizungumzia hapa ni ule muziki uliokua miongoni mwa Wamarekani Weusi, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Huo nao ulikuwa muziki wa kuchezwa kwa miaka mingi. Ni katika miaka ya 1940 ndipo vikundi vidogo vilipoanza kuupiga zaidi kwa ajili ya watu walioketi na kusikiliza, na ubunifu wa papo hapo ukawa kiini chake.

1. Mahali, siku na wapigaji

Village Vanguard ni ukumbi mdogo ulio chini ya ardhi katika mtaa wa Greenwich Village, New York. Ulifunguliwa na Max Gordon mwaka 1935. Mgeni huteremka ngazi nyembamba na kuingia katika chumba chenye umbo la kabari, ambacho hupungua upana kuelekea jukwaani, na kinachoweza kupokea watu 120 hivi. Udogo huo ni sehemu ya habari yetu, kwa maana katika chumba kama hicho msikilizaji aketiye nyuma kabisa huweza kusikia mpigaji akivuta pumzi.

Tarehe 3 Novemba 1957 ilikuwa siku ya Jumapili. Rollins alikuwa na umri wa miaka 27. Alizaliwa Harlem mwaka 1930 na wazazi waliotoka katika Visiwa vya Virgin, na alikuwa tayari amepiga pamoja na wakuu wa muziki huo, wakiwemo Charlie Parker, Miles Davis na Thelonious Monk. Kampuni ya santuri iitwayo Blue Note ilimpeleka fundi wake, Rudy Van Gelder, akiwa na mitambo ya kunasa sauti. Alasiri Rollins alipiga pamoja na Donald Bailey kwenye besi na Pete La Roca, kijana wa miaka 19, kwenye ngoma. Usiku wenzake walikuwa wengine: Wilbur Ware, mzaliwa wa Chicago, kwenye besi, na Elvin Jones kwenye ngoma. Santuri iliyotolewa mwaka 1958 ilikuwa na nyimbo sita tu. Nyingine zilitolewa baadaye, na mwaka 1999 zilikusanywa katika diski mbili.

Hivyo tunao ushahidi wa siku moja, wa mtu mmoja, katika chumba kimoja, akiwa na majozi mawili tofauti ya wenzake. Kwa anayetaka kuelewa ubunifu wa papo hapo, ushahidi wa namna hii ni wa thamani kubwa.

2. Kwa nini hapakuwa na piano

Katika vikundi vingi vya jazi vya wakati ule palikuwa na piano. Kazi yake inafanana na ya kinanda kanisani: kupiga sauti kadhaa kwa pamoja na kwa njia hiyo kumwonyesha mwimbaji mahali alipo katika wimbo. Saksafoni haina uwezo huo. Katika upigaji wake wa kawaida hutoa sauti moja kwa wakati mmoja, kama koo la mwanadamu. Besi kubwa ya nyuzi nne, isimamayo wima na kuchunwa kwa vidole, nayo hutoa kwa kawaida sauti moja moja, tena za chini. Ngoma na matoazi hushika mwendo.

Piano ikiondolewa, upatanifu wa sauti hausikiki tena kwa ukamilifu, unadokezwa tu. Saksafoni hutaja sauti moja juu, besi hutaja moja chini, na sikio la msikilizaji hulazimika kujaza zilizobaki katikati. Kila mwana kwaya anaweza kulielewa jambo hili. Kwaya ya sauti nne ikibaki na waimbaji wa sauti ya kwanza na besi peke yao, wimbo haupotei, ila kila mmoja wa hao waliobaki sasa anasikika waziwazi, na kosa lake halifunikwi na mtu mwingine.

Rollins alikuwa amekwisha kuijaribu njia hiyo mwezi Machi mwaka uleule huko Los Angeles, akiwa na Ray Brown kwenye besi na Shelly Manne kwenye ngoma, katika santuri iitwayo Way Out West. Mwaka 1958 aliitumia tena katika Freedom Suite, pamoja na Oscar Pettiford na Max Roach, kazi ambayo upande wake mmoja wa santuri, wenye kipande kimoja cha dakika 19 hivi, ulihusu uhuru wa Wamarekani Weusi. Kwa hiyo kuondolewa kwa piano kulikuwa uamuzi uliofikiriwa. Mpigaji alijipatia nafasi pana zaidi ya kwenda atakako, na papo hapo akajitwika mzigo wa kukumbuka mwenyewe mahali alipo.

3. Wimbo usiosikika

Hapa twafika kwenye jambo ambalo asiyelijua hawezi kuufurahia muziki huu, hata akisikiliza kwa mwaka mzima. Anayesikia mara ya kwanza husikia lahani mwanzoni, kisha husikia kitu kinachoonekana kama mvurugiko mrefu, kisha lahani hurudi. Hujiuliza wimbo ulikwenda wapi. Jibu ni kwamba wimbo haukwenda popote. Muda wote uliendelea kuzunguka katika fikra za wapigaji, na kila sauti waliyoibuni ilipimwa kwa huo.

Tuchukue wimbo uitwao Softly, as in a Morning Sunrise, uliotungwa na Sigmund Romberg kwa maneno ya Oscar Hammerstein wa pili, kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa mwaka 1928. Wimbo huo una vipimo 32, kila kipimo kikiwa na mapigo manne. Vipimo hivyo vimegawanyika katika mafungu manne ya vipimo vinane. Fungu la kwanza lina lahani kuu, na fungu la pili linairudia. Fungu la tatu ni tofauti, nalo wanamuziki huliita daraja, kwa kuwa huvusha kwenda upande mwingine. Fungu la nne hurejea nyumbani kwenye lahani ya kwanza. Kipimo cha 32 kikiisha, mzunguko huanza upya bila kusimama. Rollins abunipo, hupita juu ya mzunguko huo tena na tena. Anaweza kuacha kila sauti ya lahani ya Romberg, lakini daraja linapofika mahali pake, yeye, mpiga besi na mpiga ngoma huvuka pamoja. Hakuna anayewapungia mkono. Kila mmoja amehesabu.

Mfano mwepesi zaidi ni Sonnymoon for Two, uliotungwa na Rollins mwenyewe katika muundo wa bluzi wa vipimo 12. Lahani yake ni kifungu kimoja kinachoteremka, cha vipimo vinne, ambacho hurudiwa mara tatu. Msomaji akitaka kujizoeza, na aanze na huo. Ahesabu moja hadi nne mara 12, kisha aanze upya. Baada ya mizunguko mitano au sita ataanza kuhisi mwisho wa mzunguko kabla haujafika. Hapo ndipo atakaposikia kwa mara ya kwanza kile ambacho Rollins anakifanya: anachukua kipande kidogo cha kifungu kile, anakigeuza, anakichelewesha, anakikata katikati na kukiacha msikilizaji akimalizie moyoni mwake.

Mwaka 1958 mtunzi na mwandishi wa muziki Gunther Schuller aliandika uchambuzi mashuhuri wa kipande kingine cha Rollins, Blue 7 cha mwaka 1956, akionyesha kwamba ubunifu wake ulijengwa juu ya wazo dogo la mwanzo lililoendelezwa hatua kwa hatua. Kwa lugha ya darasa letu la mahubiri tungesema kwamba Rollins habadilishi somo kila aishiwapo na maneno, bali hulirudia somo lake mpaka litoe kilichomo.

Ni kweli kwamba jambo la jamaa na hili linajulikana pwani yetu. Katika taarabu ya Unguja mpiga udi, kanuni au fidla hupewa nafasi ya taksimu, ambapo hubuni peke yake akiitembelea njia ya sauti za wimbo unaofuata. Tofauti ni kwamba taksimu kwa kawaida haifungwi na mapigo yaliyohesabiwa, hali watatu wa Rollins hubuni huku saa ya wimbo ikiendelea kwenda chini ya miguu yao.

4. Wimbo mmoja alasiri na usiku

Miongoni mwa nyimbo zilizonaswa siku ile kuna mmoja uliopigwa alasiri na kisha usiku, nao ni A Night in Tunisia wa Dizzy Gillespie. Alasiri Rollins yuko na Bailey na La Roca, na usiku yuko na Ware na Jones. Tunawashauri wasomaji wausikilize mara zote mbili, mmoja baada ya mwingine.

Wimbo huu kwa desturi una mahali pa hatari. Baada ya lahani na kifungu cha kuunganisha, wenzake wote hunyamaza kwa vipimo vinne, na mpigaji mkuu hubaki peke yake hewani kabla ya kuanza zamu yake. Vipimo vinne vyenye mapigo manne ni mapigo 16, ambayo kwa mwendo wa haraka hupita katika sekunde chache tu. Katika ukimya huo hapana ngoma wala besi ya kumwambia mtu alipo. Hata hivyo, pigo la 17 likifika, wote watatu wanapaswa kutua pamoja. Wakitua pamoja, tunajua kwamba hata waliponyamaza walikuwa wakisikia kitu kimoja.

Aidha, matoleo haya mawili yaonyesha kwamba mbunifu habuni peke yake. Ware alikuwa na sifa ya kutumia sauti chache, zilizochaguliwa, na kuziweka mahali zisipotarajiwa katika kipimo. Jones aliyagawa mapigo kati ya ngoma zake na matoazi hata ikawa kama miendo miwili au mitatu inakwenda kwa pamoja. Ndiyo maana baadaye, kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, alikuwa nguzo ya kikundi cha John Coltrane. Mpiga saksafoni ahudumiwaye na watu kama hao hapati sakafu tulivu ya kutembelea. Hupata maswali, naye hulazimika kuyajibu hapohapo. Kuna nyakati pia ambapo Rollins na mpiga ngoma hupokezana vipimo vinne vinne, mmoja akinena na mwingine akijibu, na katika zamu za ngoma msikilizaji mwenye bidii anaweza kuuimba wimbo moyoni na kuukuta uko mahali pake.

Kila msomaji wa Paulo atakumbuka hapa sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ambapo mtume anaweka kikomo cha idadi ya wanenaji, anataka wapeane nafasi, na kuwapa walionyamaza kazi ya kupambanua. Hatusemi kwamba ukumbi wa Vanguard ulikuwa kusanyiko la Korintho. Twasema tu kwamba utaratibu wa zamu, pamoja na usikivu wa anayenyamaza, ni sharti la uhuru wa anayenena, na kwamba katika muziki huu sharti hilo laweza kusikika kwa masikio.

5. Gharama ya uhuru huo

Ingekuwa kosa kuusifu muziki huu kana kwamba kila usiku hufanikiwa. Ubunifu wa papo hapo haufutiki. Kifungu kilichokosewa hakiwezi kurudishwa, na mpigaji hana budi kukitafutia maana katika kifungu kinachofuata. Katika santuri za moja kwa moja twasikia pia mwanzo unaosita na mwisho usiokatika sawasawa. Mambo hayo hayakuondolewa, na tunaona ni vema, kwa maana ndiyo yanayomwonyesha msikilizaji kwamba hatari ilikuwa ya kweli.

Rollins mwenyewe aliijua gharama hiyo. Mwaka 1955 aliingia katika hospitali ya serikali huko Lexington, Kentucky, ili kupata matibabu ya uraibu wa heroini, janga lililowaua au kuwalemaza wengi wa kizazi chake, na akatoka akiwa huru nao. Mwaka 1959, akiwa miongoni mwa wapiga saksafoni walioheshimiwa kuliko wote, aliacha maonyesho kwa sababu hakuridhika na upigaji wake. Mpaka mwaka 1961 alikuwa akienda kwenye daraja la Williamsburg, juu ya mto East River, kufanya mazoezi kwa saa nyingi bila kuwasumbua majirani. Aliporudi alitoa santuri aliyoiita The Bridge, yaani Daraja, mwaka 1962.

Jambo hili lafaa kutafakariwa na kila anayesema kwamba maandalizi huzima Roho. Mtu aliyeweza kubuni bila noti kwa muda mrefu kuliko wengi wa rika lake ndiye aliyejitenga zaidi ya miaka miwili ili ajifunze.

6. Muziki huu na Kanisa letu

Kwa Walutheri ubunifu wa papo hapo si mgeni. Johann Sebastian Bach, mwalimu wa muziki wa Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, alimtembelea Mfalme Frederick wa pili wa Prussia huko Potsdam mwezi Mei 1747. Mfalme akampa lahani, na Bach akabuni hapohapo juu yake fuga ya sauti tatu. Baadaye aliiandika kazi hiyo na kuiongeza, ikawa Sadaka ya Muziki. Wapiga ogani wetu wa kale walitarajiwa kuweza kubuni utangulizi wa wimbo wa ibada, na msingi wa ubunifu wao ulikuwa lahani ya wimbo uliojulikana na usharika wote.

Katika karne ya 20, New York ilimpata mchungaji aliyeutafuta muziki huu mahali ulipokuwa. John Garcia Gensel, mchungaji wa Kilutheri, alizoea kuwatembelea wanamuziki wa jazi katika vilabu vyao usiku, akawa mshauri wao, akiwafungisha ndoa na kuwazika. Mwaka 1965 alipewa rasmi huduma hiyo, na ibada za jioni zenye muziki wa jazi zikaanza. Huduma yake ilifungamana na Kanisa la Mtakatifu Petro huko Manhattan. Duke Ellington alimtungia kipande kuhusu mchungaji alindaye kundi la usiku, kilichomo katika Tamasha lake Takatifu la pili la mwaka 1968. Tarehe 21 Julai 1967 mazishi ya John Coltrane yalifanyika katika kanisa hilo, Gensel akiongoza, na vikundi vya Albert Ayler na Ornette Coleman vikapiga. Gensel alifariki mwaka 1998.

Twaona inafaa kuonya hapa. Ni rahisi kwa mhubiri kuifanya jazi kuwa kielelezo cha haraka cha kazi ya Roho, kisha asiisikilize tena. Gensel hakuanza kwa kielelezo. Alishuka ngazi, akaketi, akasikiliza saa ambazo watu wengine walikuwa wamelala. Heshima ya kwanza tunayoweza kumpa mwanamuziki ni kumsikiliza kama mwanamuziki.

7. Namna ya kusikiliza

Kwa anayeanza tunapendekeza hatua zifuatazo. Kwanza, ajifunze lahani kwa moyo kabla ya kufuatilia ubunifu. Auimbe wimbo mpaka aweze kuuendeleza kimoyomoyo wakati wapigaji wanapouacha. Pili, ahesabu vipimo, akianza na Sonnymoon for Two wenye 12, kisha Softly wenye 32. Tatu, asikilize wimbo mzima akifuata besi peke yake, kwa kuwa besi ndiyo imwonyeshayo mahali alipo. Nne, arudie akifuata ngoma, akiangalia jinsi zinavyobadilika saksafoni ibadilikapo. Tano, ndipo aifuate saksafoni, akijiuliza kila mara kipande hiki kimetoka wapi. Anayeruka hatua nne za kwanza atasikia wingi wa sauti tu, na atachoka upesi.

Hitimisho

Tumeona kwamba watatu hawa walikuwa huru kwa sababu walikuwa na wimbo mmoja vichwani, walihesabu pamoja, walipeana zamu, na walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi mahali pasipo na makofi. Ondoa mojawapo, na uhuru wao wageuka kuwa kelele.

Kwa walimu na wanafunzi wa taaluma ya mahubiri, swali lililozoeleka ni kama mhubiri atumie karatasi au asitumie. Tunapendekeza swali jingine litangulie: je, somo limo ndani yake kiasi kwamba linaendelea kusikika hata anaponyamaza? Aliye nalo anaweza kuiacha karatasi nyumbani, na usharika hautapotea, kwa kuwa atarudi kwenye lahani mahali pake. Asiye nalo, karatasi itamsaidia kufika mwisho wa dakika zake, wala hatutamlaumu kwa kuitumia. Lakini asiiache, akaita jambo hilo uhuru, kabla hajafanya mazoezi yake darajani.